Bao la Panama na Basi la Mutai

"Mama Eugene, hivi Panama ni nchi ama ni mfereji tu?"

Nyaboke wa chumba cha pili aliniuliza hivyo siku Melissa alipohamia kwetu, akiburuta masanduku mawili na mpira mmoja ndani ya wavu. Mimi shule niliachia darasa la saba, lakini mfereji wa Panama nilifundishwa, na nilichapwa kwa ajili yake, kwa hiyo nilijibu kama mwalimu. "Ni nchi, na mfereji inao." Kama nchi hiyo ina wanawake wanaocheza mpira, hilo mwalimu wetu hakulisema.

Tunakaa huku nchi ya Waarabu, nyuma ya maduka ya Al Sadd, katika nyumba ya wafanyakazi wa hoteli moja iliyoko The Pearl. Mimi kazi yangu ni shuka. Zinakuja zimekunjamana kama uso wa mtu aliyelia, nazipiga pasi, nazirudisha zimenyooka. Melissa ni mwalimu wa kuogelea. Kiingereza changu cha darasa la saba na Kiingereza chake cha Kihispania vilikutana katikati, na hapo katikati tukaelewana vizuri sana.

Ndiye aliyeanzisha timu. Alisema mpira ukilala ndani ya wavu unaugua. Akawakusanya wasichana wa kufagia vyumba, wa jikoni, na Nyaboke ambaye alikuwa hajakimbia tangu siku alipofukuzwa na ng'ombe wa jirani kwao Kisii. Ijumaa alfajiri, kabla jua halijawa kali, tukawa tunakwenda uwanja mmoja huko Al Wukair, kisha tunapitia ibadani pamoja, maana huku siku ya ibada ni Ijumaa. Mimi nilikuwa mama wa chai. Nilibeba birika, nikaombea miguu yao, nikakaa pembeni nikitazama. Marehemu mume wangu alipenda mpira kuliko ugali, lakini mimi nilikuwa sijawahi kutazama mchezo hadi mwisho. Nilikuwa natazama watu.

Na mtu niliyemtazama zaidi ni Nafula.

Nafula ni kipa. Mwezi wa tano mama yake alifariki kwao Bungoma, na kabla tiketi haijapatikana, mazishi yakawa yamepita. Akaacha kusema. Salamu anajibu kwa kichwa, chakula anakisogeza kwenye sahani. Mimi nimezika mume, najua ukimya wa namna hiyo. Ukikaa sana ndani ya mtu unajenga nyumba. Nilimwombea. Halafu Melissa akampeleka golini, akamwambia kipa asiyepiga kelele si kipa. Ijumaa ya kwanza alinong'ona. Ijumaa ya tatu alimfokea Nyaboke, "Wewe mama, rudi nyuma, unasimama hapo kama mnara!" Nyaboke alikasirika. Mimi nilifuta macho kwa leso nikamshukuru Mungu.

Kisha tukanyimwa basi.

Meneja alikuwa ameruhusu basi dogo la wafanyakazi litumike Ijumaa alfajiri kwa michezo, safari moja, na dereva ndiye aamue abebe nani. Dereva ni Mutai. Ijumaa treni huchelewa kuanza, na hata ikianza haifiki Al Wukair. Mwangi, mlinzi wa lango la hoteli, akaunda timu ya wanaume, na Mutai akawapa wao basi mwezi wote wa saba.

"Wanaume wana mechi ya kweli," akatuambia. "Nyinyi mnaenda kupiga kelele tu."

Ijumaa nne zikapita. Mfuko wa mipira ukakaa kwenye kona ya ukumbi wa chakula, umeshika vumbi. Nafula akarudi kujibu salamu kwa kichwa.

Ndipo lilipokuja Kombe la Dunia la wanawake, mwaka elfu mbili ishirini na tatu. Melissa alibandika bendera ya kwao juu ya friji ya ukumbi, akatuhubiria habari za timu yake kama mtu asomaye Kitabu cha Kutoka. Yeye mwenyewe alicheza utotoni kwa shati la kaka yake lililomfika magotini. Alipokuwa msichana mkubwa aliitwa mara moja kwenye kambi ya timu ya taifa, goti likamrudisha nyumbani. Lakini wenzake waliendelea. Mwaka elfu mbili kumi na nane waliuona mlango ukiwa wazi: wakakutana na Jamaica kwa tiketi moja, wakatolewa kwa penalti. Wakapewa nafasi nyingine, Argentina wakawatoa. Wakarudi kungoja. Hadi mwezi wa pili mwaka huo, huko New Zealand, walipowafunga Paraguay bao moja, moja tu, na Panama ikaingia Kombe la Dunia la wanawake kwa mara ya kwanza.

"Nililia ndani ya bwawa," Melissa alisema. "Mzungu mmoja akadhani nazama."

Mutai alikuwa meza ya pili anasikiliza, ingawa alijifanya anachokoa meno. "Na huko kwenyewe wamefanya nini? Brazil wamewachapa nne. Jamaica moja. Wao wenyewe bao ngapi? Sifuri. Na Jumatano wanakutana na Ufaransa! Ai, watahurumiwa."

"Watafunga," Melissa akasema kwa Kiswahili. Ni miongoni mwa maneno aliyoyajua.

"Wakifunga hata moja," Mutai akacheka, "nitawabeba nyinyi kila Ijumaa mpaka mwaka uishe. Weka dau."

Nikaweka kijiko chini. "Mutai, hapa hakuna kamari."

"Aa, Mama Eugene, ni utani tu."

"Utani wa dau ni kamari iliyovaa tai. Ukitaka kuahidi, ahidi."

"Basi naapa..."

"Na kiapo pia Bwana amekataza. Alisema ndiyo yenu iwe ndiyo. Nakuuliza mbele ya watu hawa: Panama wakifunga bao, utawabeba hawa wasichana?"

Mwangi akaacha kutafuna. Mutai akanitazama, akatazama bendera, akajiambia moyoni, nadhani, kwamba Ufaransa ni Ufaransa.

"Ndiyo," akasema.

Jumatano hiyo sisi tulikuwa zamu ya jioni, basi letu likitoka saa tisa. Mechi ilianza saa saba mchana, na nje joto lilikuwa la kukaangia yai. Ukumbi ulijaa. Melissa alivaa nyekundu tangu kichwani hadi kwenye soksi. Nafula nilimketisha kando yangu, ukutani. Mutai alipoona wanaimba wimbo wa taifa akainuka kwenda kuongeza wali, akisema ana muda wa kutosha.

Hakuwa nao. Dakika ya pili, naapa, hapana, nasema tu: dakika ya pili Panama wakapata mpira wa adhabu, mbali, mbali sana na lango. Msichana mmoja akausogelea akaupiga. Ukapaa, ukapinda, ukaingia kule juu kwenye kona, mahali ambapo hata buibui hafikirii kujenga. Melissa alipanda juu ya meza. Nyaboke akapiga kigelegele kilichomwamsha mpishi wa zamu ya usiku. Bao la kwanza la Panama katika Kombe la Dunia la wanawake, na sisi tuliliona pale Al Sadd tukiwa na mchuzi kwenye vidole.

Mutai akageuka na sahani mkononi. "Nini?"

"Basi!" tukamjibu wote. "Basi! Basi!"

Akaweka sahani chini taratibu. "Mimi sikuona."

"Tazama, wanarudia," Mwangi akasema.

"Marudio si mechi. Nilikuwa nimewapa mgongo. Mtu atashuhudiaje kwa mgongo? Wafunge nikiwa nimeketi."

Wasichana wakamzomea. Nyaboke akamwita majina ambayo siwezi kuyaandika, mimi ni mtu wa kanisa. Nilivuta kiti cha plastiki nikakiweka mbele ya runinga, nikakipangusa kwa leso. "Keti hapa, baba. Usitoke."

Akaketi. Na Ufaransa wakaanza kazi. Moja. Mbili. Tatu. Kufikia mapumziko ilikuwa nne kwa moja, na Mutai amekunja nne, mguu unacheza. "Khalas, Mama. Imeisha hiyo."

"Haijaisha," Melissa akasema. Alikuwa ameshuka mezani lakini hakuvua kofia.

Kipindi cha pili Ufaransa wakaongeza la tano. Hapo ndipo niliposikia sauti. Mwanzo nilidhani ni mtu wa nje. Mpira wa juu ulikuwa unaelekea kwenye lango la Panama, na kando yangu sauti kavu, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa, ikasema, "Toka." Nikageuka. Nafula alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mikono mbele kana kwamba amevaa glavu. "Toka, mpira wako huo. Toka, dada!" Kipa wa Panama akatoka, akaudaka. Nafula akashusha pumzi.

Sikuwa mimi tu niliyegeuka. Mutai naye alikuwa ameangalia nyuma. Akarudisha macho kwenye runinga haraka, mguu wake ukaacha kucheza.

Panama wakapata penalti. Msichana akapiga, ikaingia. Tukaruka. Mutai akainua mkono kama askari wa barabarani. "Penalti si bao. Penalti ni sadaka."

"Sadaka pia hupokelewa!" Nyaboke akamfokea. "We Mutai, kwani unaogopa nini? Tutakula basi lako?"

"Nimesema bao. Bao la kuchezwa."

Melissa akaniuliza anasema nini, nikamtafsiria. Hakukasirika. Alisema kwao walizoea: kila wakifika mlangoni, mwenye mlango anabadilisha kufuli. Nikampelekea Mutai maneno hayo pia, kwa Kiswahili, polepole, yaingie. Mwangi akacheka hadi akakohoa. Mutai hakucheka.

Saa ikakaribia tisa. Watu wa zamu wakaanza kuvaa viatu huku macho yako juu. Dakika zilibaki chache, tano kwa mbili, na Panama hawakuwa na sababu yoyote ya kukimbia, lakini walikuwa wanakimbia. Hilo ndilo nililoliona mimi nisiyejua mpira. Mtu aliyeshindwa hakimbii namna ile isipokuwa kuna kitu anakitaka ambacho si ushindi.

Kisha mpira ukaletwa mbele ya lango la Ufaransa, na Nafula akasimama. Alisimama kabla ya watu wote. "Huyo! Huyo yuko peke yake! Mpe! MPEEE!"

Wakampa. Akafunga.

Sijui kama nilipiga kelele. Wananiambia nilipiga. Najua birika lilianguka, Melissa alikuwa amemkumbatia mpishi, na Nafula amesimama katikati ya ukumbi anafoka na kucheka pamoja, machozi yanashuka, sauti imerudi yote kama maji ya bomba baada ya ukarabati: kwanza inakohoa, halafu inamwagika. "Nimewaambia! Si niliwaambia mpeni? Nyaboke, si umenisikia?"

"Hata kwenu Bungoma wamekusikia!"

Tano kwa tatu. Ufaransa waliongeza la sita katika dakika za nyongeza, lakini ukweli ni kwamba sisi hatukuwa tunawatazama tena. Tulikuwa tunamtazama Mutai. Hakuwa amesogea kwenye kile kiti. Aliliona lote, ameketi, macho mbele, na bao lilikuwa la kuchezwa.

"Wamefungwa sita lakini," akasema, bila nguvu.

"Hatukukuuliza wamefungwa ngapi," nikamwambia. Nilisema kwa upole, kwa sababu mtu aliyekwisha kushikwa hahitaji kuvutwa. "Mutai, mwanangu, siku ile nilikuuliza mbele ya watu. Ulijibuje?"

Alimtazama Nafula, aliyekuwa anapangusa uso kwa bendera ya Panama, na Melissa anamwachia tu. Akaitazama saa ya ukutani. Akainuka, akajipapasa mfukoni akatoa funguo za basi. Kisha akaenda kwenye kona, akaukung'uta vumbi mfuko wa mipira, mara mbili, tatu, akautupa begani, na akatoka nao kwenda kuuweka kwenye basi, ungoje Ijumaa.