Inzi wa Filsan Waliofukizwa

Qali hakuweza kuvumilia chombo kinachonuka. Ndiyo maana, alipokuta chupa nne za mjukuu wake zinanuka ndizi mbovu sebuleni, mtaani Waberi, alianza kuzisafisha kwa moshi kama anavyosafisha vibuyu vya maziwa. Aliwasha kijiti, akawafukiza inzi wa chupa mbili mpaka wakalala, akawamwaga katika moja ili aoshe nyingine.

Filsan aliingia akashika kichwa. "Ayeeyo! Bibi yangu, umenimaliza!"

"Inzi tu hao. Wamelala, wataamka."

Wallahi hawakuwa inzi tu. Filsan alikuwa akiwafanyia utafiti chuoni Nairobi; alikuja nao likizo, mvua za El Niño zikakata barabara, akakwama nao nyumbani akiendelea kuwazalisha. Kati ya chupa zile mbili, moja ilikuwa ya majike wa siku moja, nyingine ya siku tano. Sasa wamechanganyika; bila umri hakuna utafiti, bila utafiti hakuna shahada.

"Kwani siku tano zina nini?" Qali aliuliza, moyo ukimuuma.

"Jeni wanazaliwa nazo zote. Lakini zinazofanya kazi leo si zote zitakazofanya keshokutwa. Jike akipevuka, zile za kutengeneza kiini cha yai zinachachamaa, nyingine zinanyamaza."

Qali alifikiri. "Kama mzigo wa ngamia tukihama. Kila kitu kiko mgongoni, lakini mtu hashushi sufuria kabla ya miti ya nyumba."

"Ndiyo hivyo!"

"Na nani anasema, 'Sasa shusha'?"

"Hilo ndilo nalitafuta, ayeeyo."

"Basi lete hicho kioo chako cha kukuzia. Nimechagua mitamba kwa macho miaka hamsini, sijaulizia siku ya kuzaliwa hata ya mmoja."

Filsan alicheka kwa uchungu, lakini alimjaribu. Kutoka chupa mbili zilizobaki salama, moja ya kila umri, alitoa kumi kumi, akawalaza kwa baridi ya barafu, akawapanga kwa kuwachanganya huku akiandika pembeni yupi ni wa umri gani. Qali aliinama. Huyu mweupe-mweupe, ana doa jeusi tumboni: mchanga. Huyu tumbo limejaa mayai: mkubwa. Alikosea mmoja tu kati ya ishirini.

Filsan akaivuta ile chupa ya waliofukizwa.

Waliwatenga inzi kwa umri mpaka adhuhuri. Daftarini Filsan aliandika wazi kwamba umri wa hawa umekadiriwa kwa macho. Mwishoni akabaki jike mmoja, Qali akamgeuzageuza kwa unyoya.

"Huyu haendi upande wowote. Doa limekwisha, tumbo bado."

"Wa siku tano, lakini amechelewa?"

"Mimi nitajuaje? Msomi ni wewe."

Filsan alichukua chupa tupu, akamweka peke yake: huenda huyu bado hajaambiwa, "Shusha."