Mgeni Aliyekataa Chai

Usiku wa jana niliota mimi ni kifuko cha polima, yaani plastiki iliyokwenda shule. Nimekuwa mdogo hivi kwamba unywele ukipita naona nguzo ya umeme. Tumboni nimembeba Boroni, chembe ya dawa, naye hana shukrani.

"Kaka, taratibu. Mimi si simenti."

Sindano iliyotubeba ikatoa maagizo kwa sauti ya mwalimu wa zamu. "Shangazi yako Mwanamvua ana uvimbe wa saratani kichwani. Mshushe Boroni ndani ya seli za uvimbe. Kisha atakuja Nyutroni, chembe ya mionzi. Akimkuta Boroni, seli hiyo inalipuka. Ya jirani inabaki na mapazia yake."

"Nikikosea mlango?"

"Utabaki na shangazi asiyejua jina lako."

Ikatusukuma. Mshipa wa damu, bila kuomba ruhusa, ukageuka ukumbi wa shangazi kule Korogwe: zulia la kijani, milango pande zote. Sasa mimi nimelelewa. Mdomo ukasema wenyewe:

"Hodi!"

Mlango ukafunguka. Seli nono, imejifunga kanga. "Karibu, baba! Mimi ndiye natunza majina ya watoto wa kaka. Pita, chai ipo."

Mguu mmoja tayari uko ndani. Boroni ananong'ona, "Ukiingia, na mimi nimeingia."

Nikaurudisha. "Nimeshiba."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Ikanitazama kana kwamba nimeitemea mate. Milango mingine ikafunguka, karibu, karibu, nami napita kichwa chini bila hodi, mtoto asiye na adabu kuliko wote wa ukoo.

Mwisho wa ukumbi upo mlango usiosema karibu. Unatafuna zulia.

"Leta," ukasema, ukanimeza mzima bila hata kuniuliza hali.

"Ndiyo hapa," Boroni akasema. Akashuka, akakung'uta suruali. Mimi nikaanza kuyeyuka, ndiyo kazi ya kifuko.

Nyutroni akaingia pekupeku. "Boroni yupo?"

"Yupo."

Pa!

Nikaamka. Shangazi Mwanamvua, aliyelala kwetu kwa sababu leo anaanza mionzi, amesimama mlangoni na kikombe.

"Mhina," akaniita. "Hii utainywa. Jana nimekukaribisha mpaka ndani, mguu umeshautia, ukaniambia umeshiba. Umeshibia wapi?"

Nilikunywa vikombe vitatu.