Dubu Anayekoroma

Wiki ya tano sasa Chihaya alikuwa anafika shuleni kila siku, ila darasani haingii. Akishavua viatu mlangoni, kama ilivyo desturi ya shule za Japani, anakwenda moja kwa moja hadi chumba cha afya na kukaa kando ya dirisha. Alikuwa na miaka kumi na minne, na mwili wake hauna kasoro. Yaliyomkuta ni haya: kwenye mashindano ya kwaya alianza kuimba kabla ya wenzake, peke yake, ukumbi mzima ukimsikia. Darasa lao likashindwa. Tangu siku ile akawa mtu wa kunong'ona tu.

Mwalimu Kuwabara, muuguzi wa shule, hakumhoji. Yeye alikuwa na kikapu cha vitabu vya picha, na kila siku baada ya chakula alimsomea yeyote aliyekuwemo.

"Mwalimu, mimi si mtoto," Chihaya alinong'ona siku ya kwanza.

"Nani kasema ni vya watoto? Mimi nina hamsini na tatu, na huyu sungura juzi kaniliza."

Chihaya akageukia dirisha. Lakini masikio hayana kifuniko.

Siku moja akaingia Raizo wa darasa la mwisho, jitu la judo, kidole kimeteguka. "Nifunge haraka, Mwalimu, nirudi."

"Kaa kwanza na barafu yako," akasema Mwalimu, akaendelea kusoma habari za dubu aliyefukuzwa kila pango kwa sababu ya kukoroma. Kengele ikalia kabla hadithi haijaisha.

Kesho yake Raizo huyo tena.

"Leo unaumwa wapi?"

"Eee... kiwiko."

"Kipi?"

Raizo akavitazama. "Vyote viwili. Halafu Mwalimu, yule dubu alipata pa kulala?"

Chihaya akacheka puani. Raizo hakukasirika. "We cheka tu. Mimi usingizi sina, mtihani umenikaa kichwani. Nikisikiliza haya mambo, unatoka kidogo."

Habari zikaenea. Februari ilipofika, theluji ikiwa imefika madirishani, chumba kilijaa watu wenye vichwa na matumbo ya kuuma kuanzia saa saba kasoro. Na ndipo Mwalimu Kuwabara akapata mafua, sauti ikakauka kabisa. Raizo akajitolea kusoma kile kitabu cha dubu. Alisoma kama anayetangaza vituo vya treni.

"Basi, basi! Umemuua dubu wa watu!" wakampigia kelele.

Mwalimu akakichukua kitabu, akakiweka mapajani mwa Chihaya.

Chihaya akaanza kwa kunong'ona. Wote wakasogea. Kila alipofunua ukurasa sauti ilipanda kidogo, mpaka akafika mahali ambapo kurasa mbili nzima zilikuwa na mkoromo mmoja tu. Akanyamaza. Chumba nacho kikanyamaza, kimya kilekile cha ukumbini. Kisha akavuta pumzi, akakoroma.

Vikombe vikatikisika. Raizo akaporomoka kutoka kitandani kwa kicheko. Mwalimu Kuwabara alicheka bila sauti, machozi yakimtiririka.

"Rudia!" alipaza sauti Ibuki, msichana wa darasa lake Chihaya. Akarudia mara tatu.

Kengele ilipolia, Ibuki akabaki nyuma. "Nikwambie kitu? Siku ile ya kwaya nilikuwa nyuma yako. Mimi sikuimba hata neno. Nilifungua mdomo tu mpaka mwisho."

"Nini? Mwongo mkubwa wewe!" Chihaya alifoka, kwa sauti yake yote, kisha akashtuka kuisikia. Wakatazamana, wakaangua kicheko hadi wakashikana mabega.

"Kesho chakula ni wali wa kari, na zamu ya kupakua darasani kwetu ni yangu," Ibuki akasema akijifuta macho. "Njoo darasani, nitakupakulia mimi."

"Nyama nyingi?"

"Yangu pia nakupa."

Kesho yake Chihaya alisimama mlangoni mwa darasa. Ibuki akainua upawa juu na kumwita kwa jina. Akaingia. Alikula sahani mbili, akabaki hadi kipindi cha hesabu.