Dokta Odile Aja Kuniomba kwa Masenge

Nilirudi Kasulu na shahada ya Kifaransa mwaka tisini na tano, na mwaka mzima na ushee ukapita bila mtu wa kunipa kazi nayo. Nasema mapema ili usije ukadhani nilikuwa nachagua. Sikuchagua! Nilipita shule za sekondari, wakuu wa shule wakasema somo hilo kwao halipo, je, Hesabu naweza? Nikaenda ofisi za serikali, wakanicheka waziwazi: watu wanapunguzwa kazini, wewe ndiyo unataka kuingia? Wenzangu wa darasani walikuwa wametawanyika. Mmoja anapokea wageni kwenye hoteli ya watalii Arusha, mwingine anapokea simu ubalozini Dar es Salaam. Mimi napepeta maharage ya Masenge.

Masenge ndivyo tunavyomwita shangazi kwa Kiha. Wangu aliitwa Esteri. Ndiye aliyenilea tangu mama alipofariki, na maharage aliyouza sokoni ndiyo yaliyonisomesha. Hakuwahi kuniuliza Kifaransa ni cha nini. Waliouliza ni wengine. Mwajabu, jirani yetu mwenye duka, kila nikienda kununua chumvi: "Haya Vestina, leo umeongea Kifaransa na nani?" Siku moja nikamjibu, "Na mbuzi wako, ana adabu kukuzidi." Masenge akanituma nikamwombe radhi. Nilikwenda, lakini sikuomba vizuri.

Wakati huo Kibondo ilikuwa imejaa wakimbizi wa Burundi. Madaktari wengine wa mashirika walijua Kifaransa tu, na wagonjwa wao Kirundi tu, ambacho Muha kama mimi hahitaji kufundishwa, maana kinafanana na Kiha. Niliposikia kwamba hospitali moja ya kambini inatafuta mkalimani, nilidandia lori la mahindi siku hiyo hiyo. Jamani, hilo pengo lilikuwa la ukubwa wangu kabisa!

Daktari mkuu alikuwa Dokta Odile, Mfaransa, mama mtu mzima mwenye mvi na sauti ya kukwaruza. Alinisikiliza nikiongea, akaridhika na lugha, kisha akaniambia kilichokuwa kinamsumbua.

"Mkalimani aliyeondoka alikuwa kijana mwema, lakini ana aibu. Mama akisema mume wangu ananipiga, yeye ananiambia amejikwaa. Nimetibu magoti mazima, Vestina. Nataka mtu wa kuniletea maneno kama yalivyotoka."

Kulikuwa na mwombaji mwingine kutoka Kigoma mjini, na angechagua kati yetu wiki ile ile. Anayechaguliwa ataishi Kibondo. Hapo nikamwambia ukweli: mimi siondoki nyumbani kama kuku aliyekata kamba. Mtu mzima aje aseme na Masenge. Nilidhani atakasirika, kumbe alikuwa na safari ya Kasulu kufuata dawa. Akasema atapita.

Nilichosahau mimi msomi ni kwamba kwa Masenge msichana anatoka nyumbani kwa njia moja tu, ya posa. Waombaji wanakuja, upande wa msichana unakaza uso na kumponda binti yao: mtoto gani huyu, hana faida, hatumtoi. Waombaji wanaondoka kwa heshima na kurudi siku nyingine. Wote wanajua. Asiyerudi hakumtaka kwa dhati, na asiyemzuia binti yake ndiye anayeonekana amemchoka.

Dokta Odile alikuja mchana. Gari lake jeupe lilisimama nje, na Mwajabu akaacha duka lake wazi aje kutazama. Masenge alikuwa amevaa kitenge kipya. Akamkaribisha mgeni kitini, akampa chai ya maziwa na karanga za kuchemsha. Mgeni akanywa, akasema, "Mwambie shangazi yako namhitaji Vestina hospitalini kwangu."

Nikatafsiri. Masenge akatazama ukuta.

"Huyu?" akasema kwa Kiha. "Mwambie amepotea njia. Huyu mvivu."

Nikamtolea macho. Yeye na ukuta, ukuta na yeye. Ndipo nikaelewa kwamba kwake hii ni posa. Mungu wangu! Mfaransa atajuaje kwamba huu ni utaratibu?

Mle ndani hakuna aliyejua lugha zote mbili isipokuwa mimi. Ningeweza kusema, "Shangazi anashukuru, anakukabidhi mtoto," na nani angenikamata? Nilifungua kinywa niseme hivyo hivyo. Nikawakumbuka wale akina mama waliotibiwa magoti yasiyo na kidonda.

"Anasema umepotea njia," nikamwambia kwa Kifaransa. "Anasema mimi ni mvivu."

Dokta Odile akaweka kikombe chini. Masenge ndiyo kwanza akapata kasi. "Ana hasira kama nyigu. Ugali wake una mabuje ya unga mbichi. Watu wazima anawajibu anavyotaka, muulize Mwajabu." Na hayo mengine hayakuwa utaratibu, yalikuwa kweli! Nikatafsiri yote, masikio yananiwaka. Kifaransa nilichokisotea miaka yote ile, kazi yake ya kwanza nyumbani kwetu ikawa kujitukana mwenyewe.

"Hatumtoi," Masenge akamaliza. "Aende salama."

Nikalisema na hilo. Dokta Odile akasimama, akampa mkono, akatoka. Nilimfuata hadi garini kwa sababu ya adabu tu. Machozi yalikuwa karibu na sikutaka ayaone.

"Ndivyo alivyosema?" akaniuliza.

"Ndivyo."

"Yote?"

"Yote. Hata ugali."

Akanitazama. "Na wewe mwenyewe unasemaje?"

Sasa nilikuwa na ruhusa ya kusema langu, nikalisema lote kwa pumzi moja: kwamba kwetu msichana hatolewi siku ya kwanza, kwamba yale matusi ni heshima, kwamba asiporudi Masenge atajua hakunitaka. Dokta Odile alicheka mpaka akaegemea mlango wa gari. "Nimeshampata mkalimani wangu. Nirudi lini?" akauliza. Nikamwambia Jumapili, watu wakitoka kanisani.

Nilirudi ndani nikawaka. "Masenge, ungeniharibia maisha!"

"Anayekutaka atarudi," akasema, huku anakusanya maganda ya karanga. "Asingerudi, ningekutoaje kwake?" Nikachukua vikombe nikaoshe.

Jumapili alirudi, na sukari mkononi. Masenge hakukaza uso tena. Alimuuliza kwa upole, kazi yenyewe hasa ni ipi? Dokta Odile hakuficha: kusikiliza wagonjwa na kumwambia wanachosema. Waliofiwa. Waliopigwa. Waliofanyiwa mabaya njiani wakikimbia. Mkalimani anayasema yote kama yake, "mimi," siyo "yeye."

Masenge akanigeukia. Kisha akasema, "Muulize hivi. Mwanangu akishinda kutwa anasema, 'Wanangu wameuawa,' kwa kinywa chake mwenyewe, jioni atakaa na nani?"

Nilianza kutafsiri, nikaishia katikati. Nilikuwa nimetafuta kazi kila mahali, nimechekwa kila mahali, na katika wote wale hakuna aliyewahi kuuliza kazi itanifanya nini mimi. Nilimpenda Masenge siku ile kuliko siku zote. Dokta Odile hakunihimiza. Nikaanza upya, nikalisema lote.

"Mwambie sina jibu," akasema polepole. "Mimi mwenyewe jioni sina mtu."

Nikamwambia Masenge. Akamtazama yule mama wa Kizungu kama ndiyo kwanza anamwona, akainuka kwenye kigoda, akamshika mkono.

"Basi mchukue," akasema. "Lakini kila mwisho wa mwezi mje wote wawili. Nitawapikia, mtakaa hapa, mtalia mkitaka kulia."

Nikatafsiri kwa shida. Dokta Odile akafuta macho, akaanza kujibu kwa Kifaransa kwamba atakuja. Masenge hakunisubiri nitafsiri. Alikuwa ameshamkumbatia.