Kigari Juu ya Ziwa

Ngalula aliliweka sanduku la barafu kati ya miguu yake, akalibana kwa magoti, na tangu ndege iliporuka kutoka Mansa hakuwa ameyalegeza. Ndani mlikuwa na mifuko minne ya damu. Kule Nchelenge, katika kliniki ambako Ngalula mwenyewe alikuwa muuguzi, dada yake mkubwa Régine alikuwa kitandani tangu alfajiri. Mtoto alizaliwa salama, akalia vizuri, lakini damu ya mama ilikataa kukoma. Mkunga Olipa alihangaika nayo kwa dawa na kwa mikono yake miwili mpaka ikapungua, kisha akamvuta Ngalula pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba iliyobaki mwilini mwa Régine ilikuwa kidogo mno. Asipoongezewa kabla ya saa tisa mchana, alisema Olipa, yeye hatamwahidi mtu kitu.

Damu ya Ngalula haikulingana na ya dada yake. Ya shemeji Hippolyte nayo ilikataa. Barabara ya Mansa ilikuwa imekatika siku mbili nyuma, mvua za Desemba zilipobeba daraja dogo na udongo wake wote. Ikabaki ndege ya Guy.

Guy alikuwa rubani wa Lubumbashi, mtu mzima mwenye tumbo na maneno mengi, aliyevuka mpaka na ndege yake ya viti vinne vita vilipoanza ng'ambo, Congo. Sasa ulikuwa mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na tisa, na vita bado vilikuwa vile vile. Guy aliishi kwa kubeba barua, dawa, na mara moja makasha ya vifaranga walioimba njia nzima. Anga ya Katanga aliijua kama uani kwake. Ya upande huu wa Zambia alikuwa bado anajifunza, na chombo cha ndege cha kumwonyesha njia kilikuwa kimekufa tangu Oktoba. Badala yake aliazima kifaa kutoka kwa wazungu wa mradi wa visima waliokwenda likizo ya Krismasi. Kilikuwa kifaa cha gari. Walikuwa wakikitumia katika Land Cruiser yao, na Guy alikibandika mbele ya usukani wa ndege kwa plasta ya kliniki. Kilipokea habari kutoka kwenye setilaiti, kikachora barabara kwa mstari mweusi kwenye kioo chake kidogo, na juu ya mstari huo kilionyesha kigari kinachotembea.

Asubuhi, wakati wa kwenda, anga ilikuwa safi na Guy alikuwa na furaha. Alimwonyesha Ngalula kile kigari kwa kidole, kikikimbia barabarani kilomita mia moja na tisini kwa saa, akamwambia kwamba polisi wakiwasimamisha kwa mwendo huo, yeye mademoiselle ndiye atakayeongea nao kwa Kibemba. Ngalula alitabasamu. Hakuwa mtu wa kujibu. Chuoni Lubumbashi walimu walimsifu kwa mikono yake na kumlaumu kwa sauti yake, kwa maana mgonjwa aliyelala kitanda cha pili hakuweza kumsikia.

Sasa wakati wa kurudi anga haikuwa ile ya asubuhi. Walipoupita mji wa Mwense, upande wa kulia ulikuwa umejifunga, mweusi kutoka juu mpaka chini, na ndani ya weusi huo umeme ulikuwa ukiwaka bila sauti. Guy aliacha mizaha. Aliinamisha bawa la kushoto, akalikwepa wingu. Likawafuata, akalikwepa tena. Dakika kumi zikapita hivyo, pengine kumi na tano. Kisha akainyoosha ndege, akaitazama dira, akaona inaelekea kaskazini sawasawa, akakitazama kifaa, akaona kigari kiko barabarani. Akashusha pumzi.

Ngalula hakuweza kushusha yake. Wakati ndege ilipokuwa ikilala upande, yeye alikuwa akikitazama kile kigari, kwa kuwa kutazama nje kulimtia kichefuchefu. Hakikupinda hata kidogo. Ndege ilikwenda kushoto na kushoto tena, nacho kikaendelea kupanda mstari wake kama kawaida. Jambo hilo lilimkaa moyoni vibaya. Lakini yeye alijua nini kuhusu ndege? Hii ilikuwa safari yake ya pili maishani, na ya kwanza ilikuwa asubuhi ile ile. Aliitazama saa. Ilikuwa saa nane na dakika tano.

Chini palikuwa na ukungu mweupe wenye matundu. Katika tundu moja aliona maji. Alimgusa Guy begani, akamwonyesha. Guy alichungulia, akasema ni mabwawa ya mto Luapula, kwamba mvua zimeyajaza mpaka karibu na barabara, na kwamba akivumilia kidogo ataona paa za Mwansabombwe. Ngalula alitaka sana kuziona. Alikaza macho mpaka yakatoa machozi. Tundu la pili likafunguka, maji. La tatu, maji, na safari hii yalikuwa na mawimbi. Akajiambia kwamba hata bwawa likipigwa na upepo huwa na mawimbi.

Ndipo ukungu ulipoachana wote kwa mara moja, wakashuka chini yake, na Ngalula akaona mitumbwi.

Ilikuwa tisa. Halafu akaona mingine nyuma ya hiyo, na mingine zaidi, imetawanyika kama punje za mahindi zilizomwagika. Katika mmoja uliokuwa karibu, wanaume wawili walivuta wavu mkono baada ya mkono, na nyuma yao mwanamke alichota maji kwa bakuli akiyamwaga nje. Walivaa mashati ya rangi. Walifanya kazi yao katikati ya mchana mweupe, bila haraka.

Ngalula akaikumbuka tarehe.

Mpaka hupita katikati ya ziwa la Nchelenge, Congo magharibi na Zambia mashariki, na upande wa Zambia ziwa hufungwa. Kuanzia tarehe mosi Desemba mpaka mwisho wa Februari samaki huachwa wazae, na hakuna anayetupa wavu. Mitumbwi hupandishwa mchangani na kupinduliwa, nyavu huanikwa juu ya miti na kushonwa, na askari wa samaki hupita na boti zao wakichoma kila wavu watakaoukuta majini. Kuanzia Nchelenge mpaka Kabuta, watu wa pwani hukaa miezi hiyo mitatu wakilima mihogo na kunung'unika. Ng'ambo, Congo, hawakuwa wakifunga kitu. Tangu vita viingie hapakuwa na serikali ya kuwafungia. Ndiyo maana samaki wote wa Desemba walitoka huko, na Régine mwenyewe, mpaka tumbo lilipomzuia, alikuwa akivuka kuwafuata.

Kwa hiyo maji haya yalikuwa ya ng'ambo. Na ng'ambo, kila ndege isiyojulikana ilikuwa ya adui. Wavuvi waliokuja kliniki walisimulia juu ya bunduki kubwa zilizofungwa kwenye malori katika bandari za upande ule, zikielekezwa juu.

"Papa Guy," alisema.

Hakusikika. Mngurumo wa injini uliimeza sauti yake. Alimshika mkono, akaukaza, akajisikia akipaza sauti ambayo hakuijua kuwa ni yake.

"Papa Guy, hatuko juu ya barabara. Tuko ku Congo."

Guy aligonga kioo cha kifaa kwa ukucha. "Angalia, mademoiselle. Kigari kiko wapi? Minaona barabara, na wewe unaiona."

"Hawa batu banavua."

"Ziwani batu banavua. Ulitaka balime?"

"Ku Zambia bamefunga. Toka tarehe moja hakuna mutu anaingia mu maji."

Rubani alitazama chini, kisha mbele, kisha kifaa. Akasema kwamba wezi hawakosekani, kwamba hata Lubumbashi kuna sheria na kuna watu. Ngalula alitikisa kichwa.

"Mwizi anavua peke yake, karibu na matete. Akisikia mlio wa ndege anajificha, anasema ni askari. Hawa habainue hata kichwa."

Guy alitazama tena ile mitumbwi. Alikigonga kipimo cha mafuta. Mshale ulicheza, ukatulia chini kidogo ya ulipokuwa. Yalikuwa mafuta ya nusu saa, pengine na dakika chache za kuombewa. Kama wako juu ya barabara kweli, alisema, na yeye akageuka kulia, basi atakuwa anaingia moja kwa moja ndani ya ile mvua, mbali na uwanja, na hapatakuwa na mafuta ya kurudi kusema samahani.

"Unaapa?" aliuliza.

Ngalula alifikiri juu ya mifuko minne kati ya magoti yake. Akisema ndiyo na akawa amekosea, ni yeye atakayekuwa amemuua dada yake, si mvua wala si mashine. Akinyamaza, hakuna atakayemlaumu, maana ndivyo alivyokuwa siku zote.

"Siwezi kuapa," alisema. "Lakini nimekaa Nchelenge Desemba tatu, na sijaona hata mara moja mutumbwi moja mchana. Geuka, papa. Minakuomba."

Guy aliinamisha bawa la kulia.

Zilikuwa dakika kumi na moja. Ngalula alizihesabu kwa saa yake, na kila moja ilikuwa na urefu wake. Ziwa lilipita chini likiwa la kijivu, halina mwanzo. Matone ya kwanza yalipiga kioo, kisha ndege ikarushwa juu na kuangushwa, sanduku likamgonga muundi, akalikumbatia. Mitumbwi ilipungua. Katika dakika ya nne aliona mmoja wa mwisho. Baada ya hapo hapakuwa na chochote, na hilo ndilo alilotaka, lakini utupu ule ulimtisha kuliko yote, kwa sababu maji matupu hayasemi ni ya nani. Kwenye kioo, kigari kiliendelea kukaa juu ya mstari wake mweusi, kimetulia, kana kwamba hakuna aliyegeuka popote.

"Kijinga hiki," Guy alisema polepole, akikitazama kama mtu aliyefumbuliwa macho. "Kinajua motokari haiendi porini. Ukitoka barabarani, chenyewe kinakurudisha kwenye mstari." Akakibandua plasta, akakitupa kiti cha nyuma.

Kisha maji yakageuka rangi, yakawa ya udongo, na mbele yao mstari mwembamba ukajitokeza chini ya mvua. Ulikuwa mchanga. Juu ya mchanga ilijipanga mitumbwi, kumi, ishirini, yote imelazwa kifudifudi, matumbo juu, na kati yake nyavu zilizoning'inia zikichuruzika maji. Hapakuwa na mtu hata mmoja ziwani. Ngalula aliwaona mbuzi waliojibana chini ya paa la kanisa, akalitambua kanisa hilo, kwa kuwa mwezi Agosti alichanja watoto kwenye baraza yake. Alinyoosha kidole kuonyesha upande wa Nchelenge. Guy aliufuata mkono wake bila kuuliza, akishika pwani, chini kabisa, mpaka uwanja ulipotokea na majani yake marefu. Walipotua mvua ilikuwa kubwa. Injini ilipozimwa, Guy aliweka paji la uso juu ya usukani na kukaa hivyo. Ngalula hakumngoja. Alikwisha kushuka na sanduku lake, anakimbia.

Olipa alitundika mfuko wa kwanza saa tisa kasoro dakika kumi. Régine alikuwa na midomo ya rangi ya jivu, na mkono wake, Ngalula alipoushika kutafuta mshipa, ulikuwa mwepesi kama nguo. Tone likafuata tone. Mfuko wa kwanza ukaisha bila mabadiliko yoyote. Olipa akatundika wa pili, akahesabu mapigo ya moyo, akayahesabu tena, akaandika. Mtoto alilia chumba cha pili, akanyamazishwa na mtu. Mfuko wa pili ulipofika nusu, Régine alifungua macho. Aliitazama dari, kisha mdogo wake, akakunja uso.

"Hakuna bukari humu?" aliuliza.

Olipa alikaa kwenye kiti kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Alisema kwamba mgonjwa anayedai ugali hana safari, akamwambia Ngalula atoke nje akawaeleze watu.

Hippolyte alikuwa barazani, amelowa, kofia mikononi. Alisimama alipomwona. Ngalula alifungua kinywa, lakini sauti aliyoipata angani ilikuwa imekwisha, na machozi yalikuwa yakimtoka kwa wingi kiasi kwamba Hippolyte aliyasoma vibaya, akaiangusha kofia. Ngalula akamshika kwa mikono yote miwili, akasogeza mdomo karibu na sikio lake, na kulazimisha maneno yatoke, moja moja.

"Shemeji," alisema, "anaomba chakula."