Kamba ya Kuzuia Ziwa

Asubuhi moja ya mwaka 1954, huko Kabuta, kando ya Ziwa Mweru, Matildah aligundua kwamba samaki aliowapanga jana juu ya chanja, wakigusana, walikuwa wameachana kwa upana wa kidole. Akawasogeza. Kesho yake walikuwa wameachana tena, na mafiga yake matatu yalikuwa yametengana hadi sufuria ikaanguka. Akamlaumu mbwa wa jirani, ambaye hakujitetea.

Kisha ziwa nalo likaanza. Chola, mumewe, alizoea kuvuka Mweru kwa mtumbwi kwenda Lukonzolwa, upande wa Kongo, kumwona mama yake, Chileshe. Sasa kila alipopiga kasia, maji yaliongezeka mbele yake. Alirudi jioni mikono imechubuka. Na Chileshe alikuwa mgonjwa, ametuma neno kwamba anataka kufia Kabuta, mikononi mwa mwanawe.

Mzungu mmoja, aliyetumwa na serikali kulipima ziwa, hakushangaa. Aliwaeleza watu pale Kashikishi kwamba hapo mwanzo jua, ziwa, samaki na serikali vilikuwa kitu kimoja, kidogo kuliko punje ya ulezi. Kitu hicho kilifunguka, na bado kinafunguka. Kila kitu kinakiacha kingine. Hakuna anayesukuma, hakuna wa kulaumiwa. Watu walimsikiliza kwa adabu. Walikwisha kuambiwa mambo magumu zaidi kuyaamini.

Chola akauliza mbona mashua ya mota ya mfanyabiashara wa samaki inakwenda Lukonzolwa alfajiri na barafu na kurudi na samaki kabla ya saa sita, kama zamani.

“Vitu vyenye kushikana sana havitanuki,” mzungu alisema. “Soko na mashua vimeshikana.”

“Na mama na mutoto wake?”

Mzungu akafuta miwani. Akasema nguvu hiyo bado hajaiona katika hesabu zake.

Wavuvi hawakuona ugumu wowote. Kinachotaka kwenda hufungwa. Wakaunga nyavu zao zote, fundo kwa fundo, wakazisokota kuwa kamba, wakatia maboya ya miti, wakaifunga ncha moja kwenye mti wa Kabuta. Ncha ya pili baharia wa mashua ya mota aliivusha kwa siri, akaifunga Lukonzolwa. Ziwa likatulia. Siku hizo hakuna aliyevua, na watoto walilala na njaa, lakini hakuna nyumba iliyodai wavu wake. Chola akaingia mtumbwini, akaanza kujivuta kwa kamba kwenda kumchukua mama.

Hakufika. Fanwell, tarishi wa boma, alikuja Kabuta na panga na amri: kamba inaziba njia ya mashua. Wavu aliorithi kwa baba yake ulikuwa humo humo.

“Munisamehe, bandugu. Miye niko mutu wa kutumwa tu,” alisema, akakata.

Ziwa likapanuka papo hapo, likachukua upana wote uliokuwa umezuiliwa. Wimbi lilimrudisha Chola ufukweni, ameshika kipande cha kamba.

Akamwendea karani wa mashua, akaomba mama yake aletwe. Karani akasema mashua ni ya samaki, na mtu anahitaji kibali cha serikali mbili. Chola akaomba kibali. Akaambiwa asubiri. Matildah akamtandikia mama mkwe wake kitanda hata hivyo, na kila asubuhi akakirudisha karibu na ukuta.

Habari za kifo zilivuka na mashua ya mota, pamoja na samaki, zikafika kabla ya saa sita. Majirani walioondoka mchana kuja matangani waliingia jioni, maana nyumba nazo zilikuwa zimeachana, na hakuna aliyenuna. Chola alikuwa na uchungu mwingi, na alikuwa amechoka.

Kulipokucha alimwomba karani ampakie akazike. Karani alimtazama kwa huruma ya kweli, akamwambia mashua imejaa barafu. Ikaenda na barafu, ikarudi na samaki.