Mtambuu Uliohamia kwa Shemeji

Mtambuu wangu ulinidharau nyumbani kwangu mwenyewe, na hilo sijausamehe mpaka leo.

Kikonyo chake cha kupanda nililetewa na binamu yangu kutoka Lamu, kimeviringishwa kwenye kitambaa kibichi. Nikakipanda chini ya ukuta wa uani, hapa Kismayu, nikakifungia nyavu kuukuu kipandie. Upande wa pili wa ukuta huo anakaa Mahmudi, fundi wa mashua, ndugu wa marehemu mume wangu. Akaja kuangalia siku ambayo nina wageni. Akachota udongo, akauonja kwa ncha ya ulimi, akatema.

"Shemeji Tima, hapa hapamei hata mchicha," alisema kwa Kibajuni chetu, ambacho mtu ni mchu. "Mchu haoteshi tambuu kwenye chumvi na jua kama hili."

Wageni wakacheka. Tangu siku hiyo sikumsemesha. Kila Idi nilimpelekea sahani ya biriani kwa mkono wa binti yangu Safiyya, maana jirani ni jirani, lakini salamu hapana.

Kisha Safiyya akaposwa na Mahir, mtoto wa Hodan anayeuza vitambaa sokoni. Hodan akalalamika kwamba tambuu za dukani huja zimenyauka njiani. Ulimi wangu nao hauna breki. "Harusini kwangu," nikamwambia, "tambuu zitachumwa uani kwangu, asubuhi hiyo hiyo." Akaenda akawatangazia wanawake wote wa sokoni.

"Mama, na walii?" Safiyya akaniuliza. Baba yake hayupo, babu yake hayupo, ndugu wa kiume hana. Walii wake, wa kumwozesha, ni Mahmudi. "Bila ami hakuna ndoa."

"Atapelekewa habari."

"Ami hapelekewi habari na mchu aliye nyuma ya ukuta. Nenda mwenyewe, Mama. Nataka aniozeshe kwa moyo mweupe, kama angalikuwa baba."

Nikasema nitakwenda. Sikwenda. Kila nikishika buibui, nakumbuka alivyotema na vile vicheko, nalitundika tena.

Na mtambuu, wallahi, ulikuwa ukinitazama tu. Niliunywesha maji ya kuoshea mchele. Niliufunika kwa gunia bichi. Niliusomea hata Fatiha. Majani yalitoka madogo, ya manjano, kisha yakaanguka. Shina moja tu lilikuwa na nguvu, nalo lilijipenyeza nyuma ya pipa la maji, mahali ambapo mimi na kiuno changu hiki hatufiki. Juu ya hayo, kamba yangu ya buluu ya kuanikia nguo ikakatwa, nusu ikapotea. Nikatoka nje nikamtukana jirani mwenye mbuzi, wale wanaotafuna kila kitu, mbele ya mtaa mzima.

Harusi ikakaribia. Asubuhi moja simu ikalia, sauti ya Hodan: "Abaayo, dada yangu, nitumie picha ya hizo tambuu, niwaonyeshe wenzangu." Nikatoka uani na simu mkononi. Cha kupiga picha hakikuwepo. Nikapindua ndoo, nikapanda juu yake nitafute angalau jani moja zima huko juu ya ukuta. Macho yakaangukia upande wa pili.

Banda la Mahmudi, lile la makuti anamochongea mashua, lilikuwa limevaa kijani nguzo nzima. Majani mapana kama kiganja, yanang'aa, yamening'inia juu ya mtungi anaotilia udhu. Na yeye mwenyewe amekaa chini yake, shavu limevimba, anatafuna tambuu kwa popoo.

Nikasahau kwamba simsemeshi. "Mwizi mkubwa wee! Tambuu zangu!"

"Alhamdulillahi," akasema, "shemeji amepata sauti." Hata hakuinuka. "Mizizi yako, kivuli changu, maji ya udhu wangu. Umepita tundu la ukuta ukaja. Mimi sikuuita."

"Nipe majani yangu, Mahmudi. Nina harusi."

"Harusi ya nani?"

Alijua vizuri sana. Mtaa mzima ulijua. Nikasimama pale juu ya ndoo nimebanwa na aibu, maana ami wa bibi harusi alikuwa ananiuliza harusi ya nani, na haki yake kuuliza.

"Ya Safiyya," nikasema. "Mtoto wa ndugu yako."

"Mimi sijaambiwa."

"Si ndio nakuambia?"

"Juu ya ndoo?"

Nikashuka. Nikavaa buibui, nikazunguka kwa njia ya mbele, nikabisha hodi. "Nimekuja kukuomba umwozeshe Safiyya," nikasema. "Nimechelewa, najua."

Akaacha kutafuna. Ukutani nyuma yake ilitundikwa kanzu mpya, haijavaliwa. "Niliishonesha niliposikia habari sokoni," akasema taratibu. "Halafu nikadhani mmeniruka." Macho yake yalikuwa mekundu, na yangu pia. Nikaona vibaya kweli. Kisha, kwa kuwa hawezi kukaa mwema kwa muda mrefu, akauliza, "Na udongo?"

"Udongo una chumvi," nikakiri. Alicheka mpaka popoo likampalia.

Tukachuma pamoja ya kupiga picha, ya harusi tukayaacha mpaka asubuhi yenyewe. Nikalifuata shina mpaka lilipotokea kwenye tundu, na hapo mkono wangu ukagusa kamba. Ya buluu. Ilivutwa kutoka tunduni hadi kwenye nguzo, na imefungwa lile fundo la Safiyya lisilofunguka, ambalo nimelipigia kelele tangu alipokuwa mdogo.

Nikarudi nyumbani nimebeba sinia. Safiyya alikuwa amekaa mkekani, mikono imejaa hina mbichi.

"Kamba yangu nimeiona."

Akatazama hina yake. "Mama, wewe huendi kwa mchu. Nilijua kwa mtambuu utakwenda."

Nikakunja jani bora kuliko yote, nikalitia popoo na hiliki, nikamtia kinywani kwa mkono wangu, kwa kuwa yake haikuweza. Akatafuna huku machozi yanamtoka, nami sikumfuta nisije nikaharibu hina.

Amebaki mwenye mbuzi. Huyo simwombi radhi. Mbuzi wake wana makosa mengine.